Nafasi moja ya kidato cha nne

Kisauni, Mombasa

Shoga yangu Zainabu,

Assalam aleikum. Habari za Ukunda na za watoto? Sisi huku wazima, ila joto linatutoa roho. Tulipoonana harusini Likoni ulinicheka kwa kwenda kufundisha hesabu borstal ya Shimo la Tewa, kule wanakofungwa vijana ili warekebishwe, kila Jumamosi, ukasema wale vijana watanichoka upesi. Bado hawajanichoka.

Leo nakuja kwako na haja, maadamu sasa wewe ndiwe mwalimu mkuu.

Nina kijana, jina nitakupa tukizungumza. Alikuwa makanga wa matatu za Bamburi. Ukimwandikia "tafuta x" alikuwa akiinama tu, ajikune shingo mpaka kipindi kiishe. Siku moja nikamuuliza: matatu ya watu 14 imejaa, makanga amekusanya shilingi 700, nauli ni ngapi? "Hamsini!" hata sijafunga mdomo. Nikaandika ubaoni 14x = 700. Akaikodolea macho, kisha akawageukia wenzake: "Kumbe x ni nauli!" Darasa likaangua kicheko. Tangu siku hiyo kila swali huuliza kwanza nauli iko wapi. (Milinganyo sambamba bado inampiga chenga, sikufichi.)

Mahakama huwaweka borstal kwa muda usiozidi miaka 3, na muda huo haujali mihula. Huyu anatoka Disemba, amemaliza kidato cha tatu. Masomo ya ndani si hoja sana. Vitabu twagawana, lakini hakuna simu ya kuwapotezea wakati. Kazi ni Januari. Mamake ameshazunguka shule mbili. Ya kwanza waliuliza mtoto anatoka wapi, na alipotaja tu, nafasi zikajaa papo hapo. Ya pili hakupita langoni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, sawa, lakini mamake, muuza viazi karai, atamshtaki nani?

Na huyu hana mwaka wa kupoteza. Wao ndio waliofanya KCPE ya mwisho, ule mtihani wa darasa la nane, ya 2023. KCSE yao, mtihani wa kidato cha nne, ni 2027, na kwa kuwa mtaala umebadilika, nyuma yao hakuna kidato cha kurudia. Usajili wa mtihani nao, wajua, huwa mwanzoni mwa mwaka.

Sikuombi umwonee huruma. Mpe mtihani wako mwenyewe; akianguka, nitanyamaza. Bweni hahitaji, ana shangazi hapo Ukunda. Karo ya muhula wa kwanza tumeshaichanga na kina mama wa mtaani. Ila ukimchukua, habari za alikotoka zibaki kwako na mwalimu wa ushauri. Wakijua darasa zima, hatamaliza muhula.

Nijibu kabla shule hazijafungwa, mamake ananipigia kila jioni.

Nduguyo,
Mwanaidi