Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka, kikundi cha wakenekaji mafuta ya majani pori Tabora

Ndugu wanachama habari za siku, na wazee wangu mwangaluka. Taarifa hii nilikuwa niisome mkutanoni ila mkutanoni tulikuwa 11 kati ya 42, na wawili kati ya hao walitokea pilau ilipoanza kunukia, kwa hiyo naiandika hapa ili kesho asije mtu akasema hakuambiwa.

Za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tumekeneka (yaani kuchemsha majani ili mvuke utoe mafuta) mara 19, Nane Nane tulienda, pipa moja limetoboka na limezibwa. Mgambo walikuja ile jumamosi wakidhani tunapika gongo, nikawaeleza, wakanusa wenyewe, wakaondoka na chupa moja (mhazini ukiona chupa pungufu ni hiyo). Mauzo ya mwaka ni sh 1,940,000, kuni, chupa na usafiri vimekula 870,000, maabara ya Dar iliyotupimia mafuta 680,000, zilizobaki ziko benki na kitabu kipo kwa mhazini nendeni mkasome.

Sasa hiyo 680,000 ndo tuongee. Maneno yote nimeyasikia, kwamba mwenyekiti amekula hela, kwamba ingenunua guta, kwamba kivumbasi, hilo jani tunalokeneka, tunakijua tangu kwa bibi zetu hatuhitaji mashine ya Dar ije itufundishe. Sawa. Ila mmesahau tulikuwa tumefikia wapi mwezi wa tatu. Yule mteja wetu wa sabuni alirudisha chupa 20, anasema mzigo wa kwanza ulinukia karafuu na wa pili unanukia kama dawa ya kusukutua mdomo, kwa hiyo tumemchakachulia. Hapo ndo wanachama wa wilaya ya Sikonge wakaanza kuwasema wa wilaya ya Uyui kwamba wanachanganya na mafuta ya dukani, wa Uyui nao wakajibu, mtu na shemeji yake hawasalimiani mpaka leo. Mngetaka nifanye nini, niwaapishe?

Nikachukua sampo tatu, moja ya Sikonge, moja ya Uyui, moja ya pipa lile tulilomwagia magunia yote pamoja, na matawi yenye maua nikayabana kwenye magazeti yakakauka vizuri ili mtaalamu wa mimea ayaone, nikapanda treni. Kulala nililala kwa mdogo wangu Mbagala, posho sikuchukua hata senti, hilo halisemwi.

Majibu ni haya. Majani yote ni mmea mmoja, Ocimum gratissimum, hakuna aliyeokota jani lingine. Mafuta nayo ni safi, hakuna aliyechakachua. Ila ya Sikonge kilichojaa ni yujenoli, ndo hiyohiyo inayoipa karafuu harufu yake na ndo madaktari wa meno wanayotumia kutuliza jino, na ya Uyui kilichojaa ni thaimoli, ambayo kweli inawekwa kwenye dawa za kusukutua. Yaani mteja pua yake ilikuwa sahihi kabisa! Wataalamu wanaita kemotaipu, mmea kwa macho ni uleule lakini ndani kila mmoja anapika chake, kama nyumba mbili za ukoo mmoja huku mboga inaungwa karanga kule nazi. Sehemu kubwa inatoka kwenye mbegu, halafu kuna udongo, mvua, kama umevuna kwenye maua au kabla, mpaka saa uliyokata jani, mana ndani ya siku moja mafuta yanabadilika. Kwa hiyo kuanzia sasa magunia hayachanganywi, kila gunia linaandikwa lilipotoka na saa lilipokatwa. Na wale wanaoanika juani kwenye bati acheni, ile harufu mnayoisikia uani ndo mafuta yenyewe yanaondoka, na kilo 100 za majani mabichi hata kilo moja ya mafuta hazitoi, sasa ukianika juani unabaki na nini? Kivulini.

La pili lililoleta ugomvi ni lebo. Ni kweli ni mimi niliyefuta yale maneno ya inatibu malaria, UTI na nguvu za kiume, na ni kweli miezi miwili mauzo yalishuka. Ila nisikilizeni. Maabara waliyaweka mafuta kwenye sahani zenye bakteria, na wale stafilokokasi wa majipu na vidonda walizuiwa vizuri na sampo zote, hizi yujenoli na thaimoli zinatoboa ule utando unaomzunguka bakteria, vya ndani vinavuja. Kuna wengine kama sudomonasi hawakujali sana. Lakini hiyo ni sahani. Hata jiki inaua kwenye sahani, kuna mtu hapa anakunywa jiki? Yujenoli ikinywewa nyingi inaumiza ini, na mtoto mdogo ndo kabisa, halafu mtu anaandika kijiko kimoja kutwa mara tatu. Mbu mafuta yanawafukuza kweli ila yanaruka haraka, baada ya muda mfupi wamerudi, kwa hiyo neti iko palepale. Na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 ipo, dawa inasajiliwa kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sisi hatujasajili, wakija kukamata watamkamata nani? Sio nyie, ni mwenye sahihi. Mwanachama aliyebaki na lebo za zamani na bado anabandika usiku (jina simtaji, anajijua) azilete kwangu kabla sijaja mwenyewe. Yule mteja wa sabuni kwa taarifa yenu karudi, nilimpelekea karatasi ya majibu mkononi, sasa anachukua ya Sikonge peke yake na ya Uyui nimeshamtafutia mtu. Hakuna aliyesema asante.

Ada. Sh 2,000 kwa mwezi, kwa watu 42 mwaka mzima ilitakiwa 1,008,000. Imeingia 539,000. Waliomaliza yote ni 17, deni ni 469,000, na wanaoongoza kupiga kelele kuhusu hela ya maabara wengi wamo kwenye hilo deni, orodha ninayo na siiweki hapa kwa heshima tu.

Mwaka ujao Mungu akipenda tunategemea kupata pipa la chuma kisichoshika kutu, tuoteshe miche ya kivumbasi ili tuache kung'oa porini na mizizi yake, na lile jani la harufu ya limau nalo tulipime hela ikipatikana. Usajili nao tunaufuatilia.

Kikao kijacho ni palepale kwenye mtambo, jumapili ya kwanza ya mwezi saa nane kamili, chakula kitatoka baada ya kikao sio kabla. Mwenye funguo za stoo arudishe.