Mmeandika kasri, mmewasahau waliochoma chokaa

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu Kilwa ya kale nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kijiweni kwa muuza kahawa hapa Masoko, mara ya pili nyumbani, kurasa zikiwa zimeshapungua kwa sababu ya mama wa karanga. Imeandikwa vizuri, na picha ya Husuni Kubwa, lile gofu la kasri la sultani, imetoka safi. Ila ipo sentensi moja imenikwama kooni, ile inayosema wakazi wa Kilwa miaka 700 iliyopita waliishi katika nyumba za mawe, wakivaa hariri na kula kwenye sahani za China. Wakazi gani hao?

Mimi ni fundi wa chokaa. Nimezaliwa Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu hayo, na nimefanya vibarua vya kukarabati kuta za magofu kwa vipindi vingi, kabla na baada ya mwaka 2004 yalipoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwaka 2014 yakatolewa, na mimi mgongo ukanitoa kazini. Sijasoma sana, lakini kuta zile nazijua kwa mikono.

Mnasema sultani al-Hasan bin Sulaiman "alijenga" Husuni Kubwa. Kasri lina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Sasa hebu niwaeleze chokaa inavyopatikana. Unapanga magogo kwa duara, mazito chini, mepesi juu, katikati unaacha tundu la moto. Juu ya kuni unarundika matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Ukishawasha hulali, maana rundo likiporomoka upande mmoja umepoteza kuni na mawe. Moto ukifa, mawe yanakuwa meupe, mepesi kama mkate uliokauka. Unayamwagia maji, yanachemka yenyewe bila moto, na vumbi lake likikuingia machoni utakesha unalia. Halafu unaifukia ikae miezi ndipo uitumie. Kuni za kujaza lori zima zinakupa chokaa ya ukuta usiokuzidi kimo. Ukimaliza hesabu hiyo, ongeza Msikiti Mkuu na kuba zake. Ongeza matumbawe laini ya fremu za milango, ambayo hukatwa baharini yangali mabichi, maana yakikauka hayachongeki vizuri. Ongeza boriti za mikoko. Mgeni akiniuliza kwa nini vyumba vya watu matajiri hivyo ni vyembamba, humwonyesha mashimo ya boriti ukutani: upana wa chumba ulifuata urefu wa mti. Kila mti kuna mtu aliyeukata matopeni na mwingine aliyeubeba begani.

Watu hao walilala wapi? Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331, sultani huyo huyo akiwa kitini. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa, kisha akasema umejengwa kwa miti na kuezekwa kwa majani. Miti, Mhariri! Mtu aliyeuona kwa macho yake aliona nyumba za miti, sisi tuliokuja baadaye tunaona mawe, kwa sababu mawe ndiyo yaliyobaki.

Nyumba ya udongo inavyopotea nimeiona mwenyewe. Tulilelewa kwenye nyumba ya fito na udongo, na kila mwaka kabla ya masika mama alikuwa akitupanga mstari kukandika upya, udongo ukipigwa kwa kiganja hadi uingie kati ya fito. Alipofariki tukahamia huku Masoko. Makuti yakaanza kuvuja, masika ya kwanza yakala ukuta wa jikoni, ya tatu yakamaliza. Ukienda leo utaona kichuguu kidogo na mawe matatu ya jiko. Hiyo ni nyumba ya juzi tu, ya watu ambao majina yao mimi nayajua. Wataalamu waliochimba magofu ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, walikuta alama za nyumba za udongo ndani ya mji ule ule wa nyumba za mawe, lakini walilazimika kuzitafuta kwa vyombo na subira. Kwa macho huoni kitu.

Habari ya sahani nayo. Ukitembea Kisiwani baada ya mvua, vigae unavyokanyaga vingi ni vya vyungu vyetu vya udongo. Vya China vipo, na vinang'aa, ndiyo maana vinapigwa picha. Tena bakuli nyingine za kigeni hazikuonja chakula kwa muda mrefu: dari la Msikiti Mdogo wa Kuba lilipambwa kwa bakuli zilizopachikwa kwenye chokaa. Na vimechimbuliwa vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kusokotea nyuzi za pamba. Kigae cha chungu kilichovunjika hakitupwi, kinageuzwa chombo cha kazi. Huyo aliyekitoboa ningependa kumsoma gazetini kuliko mvaa hariri.

Lakini kilichonifanya nichukue kalamu ni kile kisa cha ukarimu. Mmekisimulia hivi: fakiri kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa, siku ya Ijumaa baada ya sala, naye akaingia ndani, akazivua, akampa. Hapo mkaishia, mkasema ndiyo maana akaitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Kisa hakiishii hapo. Ibn Battuta anaendelea: mtoto wa sultani alizichukua zile nguo kwa yule fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Sultani alipoona watu wanavyomsifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nguo za mtu mmoja, watu kumi. Fakiri aliingia msikitini hana kitu, akaondoka na watu ishirini. Wale ishirini walikuwa na mama zao, na kazi waliyoachishwa siku hiyo, na hakuna aliyeandika hata jina la mmoja. Nanyi mmewaacha nje ya makala, nadhani kwa sababu wanaharibu utamu wa kisa. Wareno walipouvamia mji mwaka 1505, mmoja wa waliokuja nao aliandika kwamba watumwa walivaa kitambaa kutoka kiunoni hadi magotini, na mabwana zao vitambaa viwili, kimoja hadi miguuni na kingine begani. Mgeni wa siku chache alitofautisha watu kwa urefu wa nguo tu.

Sisemi mfute kasri. Nimelitunza kwa mikono yangu na wageni wake wamenilishia watoto. Ila mwaka juzi lilikuja kundi la wanafunzi wa darasa la tano, na binti mmoja akazunguka vyumba vyote vya Husuni Kubwa kisha akaniuliza, "Babu, sisi tungekaa chumba gani?" Mwalimu wake akacheka. Mimi nilimtoa nje nikamwonyesha nyasi.

Mkiandika tena, tumeni mpigapicha apige hizo nyasi. Nitampeleka mwenyewe, na kile kichuguu chetu nitamwonyesha. Aje maji yakiwa yamejaa, maana yakitoka boti haifiki karibu na atashuka kwenye matope na kamera yake.

Fundi mstaafu,
Kilwa Masoko