Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha, nawe Mheshimiwa kwa kuitikia mwito wetu.

Mwaka huu klabu yetu ilishughulikia suala lililoanzia jikoni: je, viungo tunavyopikia vinazuia saratani? Bibi wa mwenzetu mmoja aliona kijiuvimbe kwenye ziwa, akanywa manjano na asali miezi saba kabla ya kwenda hospitali.

Uvimbe wa saratani, Mheshimiwa, nao unahitaji chakula. Mwaka 1971 Dkt. Judah Folkman wa Marekani alieleza kwamba uvimbe usiopata mishipa yake ya damu haukui zaidi ya milimita 1 au 2, kama punje ya ufuta. Ndiyo maana hutoa protini iitwayo VEGF, na mishipa ya jirani huchipua kuufuata kama mizizi inavyofuata maji. Wazo hilo limezaa dawa: bevacizumab iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana.

Manjano yanaingia hapo. Katika maabara, kurkumini iliyomo ndani yake imeonekana kupunguza VEGF. Jenisteini ya soya nayo imezuia mishipa kuchipua, na chai ya kijani imefanya hivyo kwa panya. Lakini kurkumini ikiliwa, ni kidogo mno inayofika kwenye damu. Pilipili manga huiongeza (na bibi zetu wanazitia pamoja mchuzini tangu zamani), ila ikinywewa kwa wingi kama dawa inaweza kuvuruga kiwango cha dawa za hospitali mwilini. Hakuna kiungo kilichothibitishwa kuponya saratani kwa binadamu, hata karafuu yetu tunayojivunia.

Bibi yule sasa yuko kwenye matibabu. Uvimbe ulikuwa umeshakua, na sisi tuliokuwa tukisoma habari za manjano hatukujua la kumwambia. Linatuuma mpaka leo.

Kwa hivyo tuna maombi mawili. Kwanza hadubini, maana tuliyonayo ni moja na lenzi yake imepasuka. La pili ndilo kubwa: tupatiwe muuguzi wa kufuatana nasi kwenye shehia, akae na kina mama barazani, awaonyeshe namna ya kujipima maziwa na wapi pa kwenda wakikuta uvimbe. Maelezo ya viungo tumeshayaandika. Siku yoyote atakayokuja, tuko tayari.

Tunaomba kuwasilisha.