Shangazi, ushuhuda wake unaweza kungoja

Shangazi mpendwa,

Natumaini u mzima. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu najua si nyumba yetu peke yake, hapa Nairobi, yenye binti aliyenusurika jambo zito na jamaa wanaompenda wasijue wamfanyie nini.

Nimesikia kwamba Jumapili ijayo binti yako amepangiwa kusimama kanisani atoe ushuhuda wa jinsi Mungu alivyomwokoa usiku ule majambazi walipoteka matatu aliyopanda. Naielewa shukrani yako, nami ninayo. Hata hivyo nakusihi, kwa heshima zote, umwondolee jukumu hilo.

Hadi leo makanga akigonga bodi ya gari kule barabarani, yeye hushtuka hadi kikombe kikamponyoka, na viganja vyake huwa vimelowa jasho kabla hajatambua kilichomshtua. Hilo si pepo, wala si upungufu wa imani. Aliyeponea chupuchupu hubaki na mwili unaokesha ukilinda, na kumbukumbu za tukio humrudia pamoja na sauti na harufu zake, kana kwamba linatendeka sasa hivi. Kwa wengi hali hii hupungua yenyewe baada ya wiki kadhaa, hasa wakiwa na watu wema karibu. Ikizidi mwezi mmoja na bado inawatesa, ndipo wataalamu huchunguza kama ni ugonjwa unaotokana na kiwewe, nao una matibabu.

Zamani waliotoka kwenye maafa walikusanywa upesi na kutakiwa wasimulie kila kitu katika kikao kimoja, kwa kuaminiwa kwamba wangetua mzigo. Utafiti ulionyesha kwamba vikao hivyo havikuwakinga na ugonjwa huo, na mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unaonya kwamba mtu asishinikizwe kueleza yaliyompata. Ushuhuda wa kupangiwa, mbele ya umati, una shinikizo hilohilo, tena unamdai amalizie kwa haleluya ilhali yeye bado yumo katikati ya usiku ule.

Maandiko yenyewe hayana haraka hiyo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, wala hakuna aliyeiongezea mstari wa furaha ili ifae kusomwa. Eliya naye alipoketi chini ya mti jangwani akiomba afe, malaika hakumkemea wala hakumuuliza imani yake imekwenda wapi: alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamrudia na chakula mara ya pili. Mimi naona mle ndani yamo karibu yote anayoyahitaji binti yako mwezi huu.

Wala usidhani kazi hii ni ya madaktari pekee. Pembezoni mwa jiji letu hili, wanawake waliopitia dhiki, wengi wao wakiwa wamewahi kufanyiwa ukatili, walihudumiwa katika vikao vitano na wahudumu wa afya wa jamii waliopewa mafunzo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kina mama wa kikundi chako cha maombi wangeweza kujifunza mengi ya namna hiyo, na ningefurahi sana wakijifunza.

Kwa hiyo, Shangazi, naomba umpigie mchungaji kabla ya Jumapili. Binti yako akiamka usiku kwa jinamizi, washa taa, mpe maji, mwambie yuko nyumbani, na umwombee iwapo mwenyewe ataomba hivyo. Nimezungumza naye, naye amekubali nimsindikize kwa mshauri nasaha wiki ijayo. Tutakwenda kwa miguu, kwa kuwa matatu bado hawezi kupanda.

Ni mimi mpwa wako akupendaye.