Nyumba ya Daktari wa Lewes

Brighton, Uingereza, Jumapili usiku

Mwanangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, goti tu linanisumbua kwa baridi hii. Juzi nilipiga simu akapokea Salma. Nikamuuliza baba yuko wapi, akasema, "Yuko theta, anapasua wagonjwa." Nikamuuliza atarudi saa ngapi, akasema, "Akirudi mimi nimeshalala." Wala hakulalamika, alisema kama mtu anayekwambia leo Alhamisi. Mama yake hajanishitakia lolote, kwa hiyo usije ukamgombeza.

Sasa kaa kitako nikupe habari za mwenzako mmoja. Naye alikuwa daktari wa upasuaji wa mji mdogo, Lewes, kama robo saa kwa treni kutoka hapa ninapokaa. Nyumba yake ingalipo barabara kuu, karibu na ngome. Jumamosi iliyopita sikuwa na zamu kule kwa wazee, nikaenda kuitazama. Nguzo zake za mbele vichwa vyake vimechongwa mfano wa viumbe wa kale wa bahari wenye kombe kama la konokono, wale waliogeuka mawe. Nilisimama pale na mwavuli wangu mpaka mzee mmoja mwenye mbwa akaniuliza kama nimepotea.

Jina lake Gideon Mantell. Baba yake alikuwa mshona viatu, na yeye alizaliwa Lewes mwaka 1790. Alipofika miaka 15 akawekwa kwa daktari wa mji ajifunze kazi, kama kwetu mtoto anavyopelekwa kwa fundi seremala. Baadaye akaenda London kumalizia masomo, akarudi kwao. Ndivyo walivyokuwa madaktari wa upasuaji wa mikoani: unaunga mfupa, unapasua jipu, unachanganya dawa kwa mkono wako, unazalisha. Mgonjwa alishikwa na watu akakatwa macho yako wazi, maana dawa ya usingizi haikuingia theta za huku mpaka mwaka 1846. Mantell alizalisha wanawake kati ya 200 na 300 kwa mwaka, na maradhi yakiingia mjini aliona wagonjwa zaidi ya 50 kwa siku. Najua utasema, "Mama, hiyo ndiyo Jumatatu yetu."

Ila huyu alikuwa na kazi ya pili, na hiyo ndiyo iliyoingia nyumbani ikakaa. Alipenda mawe yenye mabaki ya viumbe. Akitoka kwa mgonjwa anapitia machimbo, anarudi na mizigo, anakesha anasafisha mifupa. Mwaka 1816 alimwoa Mary Ann Woodhouse, na bibi huyu akajifunza kuchonga mabamba ya kuchapia picha. Kitabu cha kwanza cha mumewe kilipotoka mwaka 1822 kilikuwa na mabamba 42 ya michoro, na jina lake Mary Ann liliandikwa kuwa ndiye aliyeyachonga. Hesabu mwenyewe: alikuwa na watoto wawili wadogo, na mwaka huohuo akajifungua wa tatu. Sijui bamba moja humchukua mtu usiku ngapi, lakini nimewahi kudarizi kofia nikiwa na wewe mgongoni, nina picha kidogo.

Husimuliwa pia kwamba ni Mary Ann aliyeokota kando ya njia jino kubwa la ajabu, akimsubiri mumewe aliyekuwa ndani kwa mgonjwa. Wataalamu wengine wanalikanusha hilo. Mimi ningependa liwe kweli. Mwaka 1825 Mantell akalitangaza kuwa ni jino la mjusi mkubwa wa kale, akamwita Iguanodon. Ni wa jamaa ya dinosaria wale wa Tendaguru kule Lindi, ambao Wajerumani walikuja kuchukua mifupa yao wakaipeleka Berlin. Dunia ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kusikia mambo hayo. Mtoto wa mshona viatu akaingizwa katika Royal Society, chama cha wanasayansi wakubwa wa Uingereza, mwaka uleule.

Ungekuwa wewe, ungetulia? Yeye hakutulia. Mwishoni mwa 1833 akahamisha familia kuja hapa Brighton, mtaa wa Steine, akitegemea kutibu matajiri waliokuwa wakimfuata mfalme baharini. Wagonjwa hawakuja. Waliokuja ni watazamaji, kuangalia mifupa. Mwisho nyumba yote ikafanywa makumbusho, na mke na watoto wakatafutiwa pa kukaa kwingine. Soma tena hapo, mwanangu. Tena hata kiingilio mara nyingi aliwasamehe watu, kwa hiyo pesa nayo haikupatikana. Mwaka 1838 aliiuzia British Museum mkusanyo wote kwa pauni 4,000, akaenda kufungua udaktari upya Clapham, kusini mwa London. Mimi hiyo Steine naipita alfajiri nikiwahi basi, miaka yote hii, na sikujua.

Mwaka 1839 Mary Ann akaondoka. Zama hizo, Malkia Victoria ndiyo kwanza ana miaka miwili kwenye kiti, talaka kamili ilipatikana kwa sheria ya Bunge tu, kwa hiyo ilikuwa ya wenye fedha nyingi. Watoto nao walihesabiwa kuwa wa baba. Ni mwaka huohuo tu sheria ilipompa mama ruhusa ya kuwaomba mahakamani walio chini ya miaka saba. Wa kwake walikwisha kupita. Akatoka peke yake. Mwaka huohuo Walter, kijana wao mkubwa, akapanda meli kwenda New Zealand. Akabaki Hannah, binti aliyekuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Baba yake alimuuguza, na Machi 1840 akafa, hajatimiza miaka 18.

Yaliyofuata nayapita haraka, hayapendezi. Mwaka 1841 gari lake la farasi lilipata ajali, uti wa mgongo ukaumia, akaishi na maumivu na afyuni ya kuyatuliza mpaka ilipomzidi akafa mwaka 1852. Madaktari wenzake walichukua kipande cha uti wake wakakihifadhi katika chuo chao London, kikakaa kwenye rafu zaidi ya miaka 100.

Lakini kuna kitu kinachonirudia nikiwa naosha vyombo. Walter, kule New Zealand, alikuwa akimtumia baba yake mifupa. Mifupa ya moa, ndege wakubwa waliokwisha kutoweka, makasha kwa makasha. Baba alifurahi sana, akaieleza mifupa ile mbele ya wakubwa wa London. Mtoto amevuka bahari zote hizo, na bado njia anayoijua ya kumfikia baba yake ni ileile ya mawe.

Nikasema, na mimi je? Ulikuwa na miaka tisa nilipokuacha Tanga kwa bibi yako nikaja huku. Kila Idi nilikuletea viatu, na kila Idi vilikubana, kwa sababu niliukumbuka mguu wa mwaka uliopita. Bibi yako hakuniambia. Wewe hukuniambia. Nimekuja kuambiwa na Mwanaidi, baada ya harusi yenu, kwamba ulikuwa unavivaa umekanyaga visigino mpaka vinachanika. Kwa hiyo siandiki barua hii kama hakimu, na wala sikwambii uache zamu. Wale wagonjwa nao ni watoto wa watu.

Nataka kumnunulia Salma viatu vya shule kabla ya Januari. Chukua karatasi nyeupe, iweke sakafuni, umsimamishe juu yake bila soksi, uzungushe kalamu. Miguu yote miwili. Atacheka, kalamu inatekenya ikipita kwenye unyayo. Mshike kifundo asichezecheze. Kazi hiyo usimpe Mwanaidi. Ifanye wewe, saa ambayo Salma yuko macho, uandike na tarehe pembeni. Kisha uipige picha unitumie, nami nitaipima na rula kabla ya kwenda dukani.

Mama yako