Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kusogeza Ua

Ndugu wanachama,

Naanza na neno moja: "Shusha!" Kwenye daladala za Dar es Salaam, neno hilo likikukwama unapitishwa kituo. Dada mmoja wa chama chetu cha watu wenye kigugumizi kwa miaka alikuwa akisubiri ashuke abiria mwingine yeyote, kisha anarudi kwa miguu hadi Buguruni. Mwezi wa nane alipanda na wenzetu watatu, akakaa siti ya nyuma kabisa. Konda alipouliza kama kuna wa kushuka, akaanza: "Sh... sh..." Watu wakageuka. Neno lilipotoka zima, gari lilikuwa limeshakipita kituo kidogo. Wenzetu walinyamaza, maana ndivyo alivyowaomba. Alishuka mikono ikimtetemeka, lakini kituo alikiomba mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi yetu ya mwaka mzima, ile tunayoiita kusogeza ua, yaani kuusukuma mbele kidogo kidogo uzio ambao hofu imetuzungushia. Kila mmoja aliandika ngazi yake, kuanzia jambo linalomtia hofu kidogo hadi lile linalomnyima usingizi. Wapo walioanza kwa kupiga simu badala ya kutuma ujumbe, wapo waliokwenda dukani kuuliza bei wanayoijua. Juu kabisa, karibu kwa wote, lilikaa jambo moja: kutaja jina lako mbele ya kikao. Neno jingine utalikwepa kwa kutafuta linalofanana nalo, ila jina lako utalibadilisha na lipi?

Tulikubaliana pia kwamba ngazi haihesabiwi kwa ulaini wa ulimi. Ukisema ulichokusudia, hata kwa kushikwa mara kumi, umepanda.

Tulijaribu njia aliyoifundisha Charles Van Riper, Mmarekani aliyekuwa na kigugumizi yeye mwenyewe: kugugumiza kwa makusudi. Unaomba "su-su-sukari" ilhali siku hiyo ulimi ni mwepesi. Wengi waliipinga, nami nikiwamo. Tumejificha miaka yote, leo tujianike? Lakini ukichagua mwenyewe kigugumizi kitoke lini, hofu ya kuumbuka nacho hupungua. Kwangu imesaidia hasa kwenye simu.

Kuna kosa langu ambalo lazima niliseme. Mwezi wa tatu nilimsukuma kijana mmoja azungumze kwenye kikao cha harusi ya kaka yake, naye alikuwa bado kwenye ngazi ya pili. Alishindwa, akaketi, akapotea kwetu kwa miezi kadhaa. Nimemwomba radhi, na leo yupo hapa. Tangu hapo anayepanga hatua ni mwenye ngazi, si mwenyekiti.

Tarehe 22 Oktoba, siku ya kimataifa ya uelewa wa kigugumizi inayoadhimishwa tangu 1998, tulizungumza na walimu wa shule moja ya msingi. Tuliwaeleza kwamba takribani mtoto mmoja kati ya 20 hupitia kigugumizi, na wengi wao huacha wakikua. Mwalimu mmoja akauliza: nisipommalizia neno, nifanye nini? Tukamjibu: mtazame usoni, msubiri, kisha mjibu alichosema.

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Ada bado zinasuasua, tafadhali tulipe.

Safari yetu ya kwanza ya daladala mwakani ni Jumamosi ya pili ya Januari, saa tatu asubuhi, tukikutana Mnazi Mmoja. Kila mtu aje na nauli yake, na kituo chake ataomba mwenyewe.

Mwenyekiti