Risala ya Vijana na Wazazi wa Likoni kwa Mgeni Rasmi: Fedha za Chuo Zisipotelee Kwenye Fomu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazee wa mtaa, maimamu na wachungaji, wazazi wetu wapenzi, na ninyi vijana wenzetu mliomaliza kidato cha nne: assalamu alaikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote.

Tunakushukuru kwa kuvuka feri asubuhi hii na kuja kuketi nasi hapa Likoni, Mombasa. Kikundi chetu hakina ofisi. Tunakutana kila Jumamosi baada ya alasiri katika chumba cha madrasa, wazazi upande mmoja na vijana upande mwingine, na tangu tuanze, jambo linalotuchukulia muda wetu mwingi ni moja: mtoto amefaulu, barua ya chuo imekuja, na nyumbani hakuna mtu anayejua karo italipwa na nani.

Mgeni Rasmi, tunataka kusema wazi yale tuliyoyaona. Hapa kwetu watoto wengi hawakosi chuo kwa sababu hakuna fedha iliyotengwa kwa ajili yao. Wanakosa kwa sababu ya fomu. Fedha zipo, zina majina tofauti na milango tofauti, na mlango hufungwa kabla hatujaujua.

Tuanze na majina, kwa kuwa hapo ndipo wazazi wetu wanapochanganyikiwa. Ufadhili wa serikali haurudishwi. Unapitia Hazina ya Vyuo Vikuu na huenda moja kwa moja chuoni. Mkopo wa HELB, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, ni deni. Sehemu yake ya karo hupelekwa chuoni, na sehemu ya kujikimu humfikia mwanafunzi mwenyewe. Basari ya NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, hutoka kwa eneo bunge, nayo hairudishwi. Kaunti nayo ina basari zake. Kisha kuna mchango wa familia, ambao hakuna anayependa kuutaja. Mama mmoja alitwambia kwa miaka miwili amekuwa akimkataza mwanawe kuomba basari, akidhani ni mkopo. Mwingine alisaini mkopo akidhani ni zawadi ya serikali. Wote wawili ni watu wenye akili timamu na wanafanya biashara kila siku. Hakuna aliyekaa nao chini akawafafanulia.

Mnamo Mei 2023 serikali ya Kenya ilitangaza mfumo mpya wa kugharimia vyuo vikuu. Mwanafunzi hapati tena fungu sawa na mwenzake. Anapimwa uwezo wa nyumba yake. Makundi yalipopangwa kuwa matano, kundi la kwanza lilikuwa la familia zenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, nao hupata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo wa asilimia 25, na familia hubaki na asilimia 5. Kundi la pili hufika shilingi 23,670, na familia hulipa asilimia 10. La tatu hufika 70,000, na familia hulipa 20. La nne hufika 120,000, familia 30. Anayezidi hapo huingia la tano, na nyumba hubeba asilimia 40. Wanaosoma vyuo vikuu vya kibinafsi hawamo katika ufadhili huu. Wao wana mkopo tu, na hili tunaomba lisemwe mapema, kabla ya kijana kuchagua kozi.

Kisha tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo huu unakiuka Katiba, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo. Mtaani habari ilifika nusu. Tuliambiwa "mkopo umefutwa", na wapo waliokaa nyumbani bila kuomba.

Turuhusu tukueleze habari ya mama mmoja, maana katika yeye kuna wengi waliokaa hapa. Mama huyu anakaanga viazi karai na bajia kando ya barabara iendayo feri. Binti yake alipata alama za kwenda chuo kikuu. Fomu ilipofika mahali pa kuuliza mapato ya mzazi kwa mwezi, binti alimpigia simu. Mama akajibu, "Mwanangu, mimi hesabu yangu ni ya leo na kesho. Jana nimeuza elfu moja na mia tano." Binti akazidisha kwa siku thelathini. Akaandika shilingi 45,000.

Akapangwa kundi la tatu.

Walipokuja kwetu tulimwomba mama atoe daftari lake, lile dogo la mraba lenye madoa ya mafuta. Tukakaa nalo jioni nzima. Mafuta ya kupikia, viazi, unga wa dengu, makaa, karatasi za kufungia, na kodi ya pale anapokaa. Ukiondoa vyote, kilichobaki mkononi kwa siku nzuri kilikuwa shilingi 400. Na si kila siku ni siku. Mvua ya masika ikishuka hakuna wateja, na Jumapili hakai barazani. Tukihesabu siku 26, ni shilingi 10,400. Hilo ni kundi la pili.

Mtu anaweza kuuliza, tofauti ya kundi moja ni nini? Chukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Katika kundi la pili nyumba hulipa 20,000. Katika la tatu hulipa 40,000. Kwa kozi ya miaka minne, yule mama aliandikiwa shilingi 80,000 za ziada kwa sababu fomu iliuliza mapato naye akajibu mauzo. Hakudanganya. Neno mapato, kwa mfanyabiashara mdogo wa Likoni, ni kile kilichoingia kwenye kopo. Faida ni neno jingine, na fomu haikumwambia ni lipi linalotakiwa.

Rufaa ipo, na tulimsaidia kuiandika, tukaambatanisha kurasa za daftari lile na barua ya chifu. Majibu yalikuja muhula wa kwanza ukiwa umeisha. Wakati huo mama alikuwa ameshauza friji.

Mapato ya nyumba hayaangaliwi peke yake. Kipimo kinauliza ukubwa wa familia, wazazi wako hai au la, kama kuna ulemavu nyumbani, mtoto anasomea kozi gani, na ametoka eneo lililoachwa nyuma kiasi gani. Watoto wetu huyaruka maswali haya kwa aibu. Yatima huona aibu kuandika kwamba ni yatima. Kijana anayelelewa na nyanya yake huandika jina la baba ambaye hajamwona tangu darasa la tatu, na cheti cha kifo cha mama hakijatafutwa kwa sababu hakuna aliyejua kingehitajika. Tunasema kwa uchungu: ukweli ulioachwa nje ya fomu humgharimu mtoto kama vile uongo ulioandikwa ndani yake.

Sasa niseme langu mimi mwenyewe ninayesoma risala hii. Nilipoomba mkopo mara ya kwanza, nilikwenda saiba, duka la kompyuta na intaneti, na shilingi 200 mkononi. Sikuwa na laini iliyosajiliwa kwa jina langu; nilikuwa nikitumia ya shangazi. Kijana wa saiba akaniambia, "Weka namba yangu tu, dada, zikija ujumbe nitakuita." Nikakubali, na barua pepe pia ikawa yake. Mwaka wa pili ulipofika, nikajua jambo ambalo hakuna aliyeniambia: mkopo huombwa upya kila mwaka. Nikaingia kuomba, mtandao ukatuma nambari za kuthibitisha kwenye simu ya yule kijana. Alikuwa ameshahama Mombasa, laini yake haipatikani. Wiki tano nilizunguka na kitambulisho mkononi nikithibitisha kwamba mimi ni mimi. Dirisha la maombi likafungwa. Muhula ule nilikula chakula cha mchana siku za mtihani tu, siku nyingine nilikunywa maji nikarudi maktaba.

Ndiyo maana kila kijana anayekuja kwetu, kabla hatujafungua ukurasa wowote, tunamuuliza: laini hii imesajiliwa kwa jina la nani? Kama si lake, tunamrudisha akaisajili. Wanatuona tuna kisirani. Na iwe hivyo.

Kuhusu wadhamini, Mgeni Rasmi, mkopo unataka watu wawili, na hapa ujirani wetu umetikisika. Mtu aliyemlea mtoto wa jirani tangu anatambaa anakataa kutoa namba ya kitambulisho chake, kwa hofu kwamba nyumba yake itapigwa mnada. Hatuwalaumu, deni ni deni. Tunachofanya ni kumsomea mdhamini masharti mbele ya kijana, na kumwambia kijana mbele ya mdhamini kwamba kulipa huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kwamba riba ya mkopo wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, na kwamba anayenyamaza bila kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Na asiyepata kazi aiandikie bodi aeleze, asijifiche.

Nimetaja riba, na siwezi kulipita neno hili hivi hivi nikiwa Mombasa. Wapo vijana wa Kiislamu katika kikundi chetu waliofaulu na wakakataa mkopo kwa sababu ya riba. Wamefanya hivyo kwa imani, wazazi wao wakawaunga mkono, na wengine wameishia kusukuma mkokoteni sokoni Kongowea wakisubiri mwaka mwingine. Hatupendi kusikia wakiitwa wavivu au wenye msimamo mkali. Ni raia ambao mlango uliofunguliwa hauwafai. Tunaomba usaidie kuipeleka hoja hii kwa bodi: mkopo usio na riba, wenye ada iliyo wazi, uelezwe kwa Kiswahili na uwafikie watu wa Pwani huku huku mitaani.

Na kuchanga kwa ajili ya elimu si jambo geni mjini mwetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojulikana kwa jina la MIOME, ikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Miongoni mwa waliotoa fedha za kuijenga ni Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Mwaka 1972 ikaitwa Politekniki ya Mombasa, na mwaka 2013 ikawa chuo kikuu kamili kinachosomesha watoto wa kila dini. Wazee wetu walijua kuchanga kwa ajili ya elimu. Sisi leo tunachanga kwa harusi na maziko, na tunachanga vizuri. Kikundi chetu kimeanza mfuko mdogo wa karadha, pesa inayokopeshwa bila nyongeza, ya kununulia tu vitu vinavyomkwamisha kijana kabla fedha kubwa hazijafika: nauli ya kwenda kuripoti, godoro, ada ya kujisajili. Ni mdogo sana bado.

Hatukusahau waliopata chini ya C+, alama ya chini ya kuingilia chuo kikuu. Mkopo wa HELB unawafikia pia wa vyuo vya ufundi na wa vyuo vya mafunzo ya tiba. Kijana wa umeme au wa uuguzi ana haki ya kuomba, lakini yeye ndiye wa mwisho kuambiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi, na tumeyafanya machache ili yatekelezeke. La kwanza ni meza. Tunaomba meza moja katika ofisi ya chifu, yenye kompyuta mbili, intaneti, na mtu mmoja aliyefundishwa fomu hizi, ikae hapo kuanzia siku matokeo ya kidato cha nne yatangazwapo hadi dirisha la maombi lifungwe. Sisi tutatoa vijana wa kujitolea wa kusaidia. Tayari tunao tisa.

La pili linahusu basari ya eneo bunge. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, na hilo ni jema. Lakini hufika wakati mwanafunzi ameshazuiwa kufanya mtihani. Tunaomba orodha ya waliopata ibandikwe mapema ukutani, ili kijana aipige picha akaionyeshe chuoni na kuombewa subira.

La tatu ni kwako, Mwalimu Mkuu. Ruhusu kikundi chetu kipewe kipindi kimoja tu cha kidato cha nne katika muhula wa pili. Tutawafundisha watoto kutafuta vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, kusajili laini kwa majina yao, na kuhesabu faida ya mama yao pamoja naye, kwenye daftari lake, kabla hajaulizwa na kompyuta.

Yule binti wa viazi karai yuko hapa leo, ameketi safu ya tatu. Yuko mwaka wa pili sasa, na anarudi likizo zote kutusaidia kujaza fomu. Daftari la mama yake tumelileta. Lipo hapo mezani kwako pamoja na nakala ya risala hii na orodha ya vijana 23 wanaongoja kuomba mwaka huu, na tunaomba ulifungue kabla hujasimama kuzungumza nasi.

Ni sisi wako, vijana na wazazi wa Likoni.

Tunaomba kuwasilisha.